Je, Wajua? Oili nyeusi si lazima iwe imechoka

Oili ya lori la dizeli linalopanda kutoka Beni hadi Butembo yaweza kuwa nyeusi tii na bado ikafaa. Weusi huo ni masizi. Uchovu wa oili husomwa kwa namba mbili. Namba ya besi ni akiba ya kuzima asidi: oili mpya ya dizeli mara nyingi huwa na takriban 10, yaani kila gramu ina nguvu sawa na miligramu 10 za potasiamu haidroksaidi. Salfa ya dizeli ikiungua huzaa asidi, na akiba hupungua. Namba ya asidi nayo hupanda oili inapooksidika. Zikikaribiana, badilisha. Fundi atasema jicho na kidole vinatosha. Kwa maji au vumbi la chuma, pengine. Lakini asidi inayokula shaba na risasi ya beringi haina rangi.