Betri Kubwa, Chaji ya Nusu Siku

Betri ya BL-5C, ile inayouzwa kwenye vibanda vya mafundi wa simu na kuendesha hata redio ndogo za mkononi, ina takriban mAh 1,000. Simu janja nyingi za sasa zina mAh 5,000. Kwa hesabu ya shule ya msingi, simu janja ingepaswa kuishi mara tano zaidi. Lakini uliza pale sokoni Kikima ni simu ipi itakuwa hai siku ya tatu bila kuonja umeme, na watakuonyesha kabambe, ile simu ndogo ya vitufe.

Sehemu ya jibu iko wazi. Kioo kipana chenye mwanga mkali ni mlaji mkubwa, na nyuma yake kuna programu zinazochungulia intaneti usiku kucha hata mwenye simu akiwa amelala. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya nakala milioni 250, ilikuwa na kioo kidogo, tochi na kazi chache tu.

Sehemu ya pili ya jibu ni ardhi yenyewe. Kikima iko katika vilima vya Mbooni, Kaunti ya Makueni, vilima ambavyo simulizi za Wakamba huvitaja kama makao ya awali kabla ya watu kusambaa kuelekea Kitui na kwingineko. Mlima uliomkinga mkulima wa zamani dhidi ya adui na ukame sasa unamkinga mjukuu wake dhidi ya mtandao. Mawimbi ya simu hupinda kidogo tu yanapokutana na mgongo wa kilima, kwa hiyo aliye bondeni, upande wa kilima usio na mlingoti wa simu, hupata mabaki.

Hapo ndipo chaji inapoliwa. Simu na mlingoti huelewana kila mara kuhusu nguvu ya kutumia, kama watu wawili wanaozungumza kutoka ng'ambo mbili za bonde: wakikaribiana hunong'ona, wakiwa mbali hupaza sauti. Kwenye 2G ya masafa ya megahezi 900, simu inaweza kutuma kwa takriban miliwati 3 ikiwa karibu na mlingoti, na kupanda hadi wati 2 ikiwa mbali. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara 600. Simu ya 4G kwa kawaida haipiti wati 0.2, na ikizidiwa hurudi kwenye 3G au 2G, kisha baada ya muda hujaribu tena kupanda. Mwenye simu haoni lolote ila asilimia zinazoshuka. Mtandao ukipotea kabisa, simu huendelea kuutafuta, na utafutaji huo nao hulipiwa na betri.

Kwa hiyo ukijua unashuka bondeni kulima siku nzima, weka simu katika hali ya ndege. Kama unangoja kupigiwa tu, ichagulie 2G au 3G kwenye mipangilio, ili mradi mtandao huo unashika hapo ulipo. Simu itaacha kuhangaika.

Kuna kero nyingine ambayo vilima havihusiki nayo. Betri ya ioni za lithiamu, iliyoingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony, huzeeka hata ikitunzwa. Kila inapochajiwa, utando mwembamba juu ya grafiti ndani yake hunenepa na kufunga sehemu ya lithiamu isitumike tena. Joto huharakisha kazi hiyo, hivyo kuacha simu juani ikiwa imejaa chaji ni kuipunguzia maisha. Betri nyingi za simu hubaki na karibu asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500 au zaidi.

Kwenye kabambe, uzee huo ni jambo dogo: unafungua mfuniko kwa ukucha na kuweka betri nyingine. Kwenye simu janja nyingi, fundi hana budi kuipasha moto ili gundi ilegee, huku akiomba kioo kisipasuke. Watengenezaji husema gundi ndiyo inayoifanya simu iwe nyembamba na kuzuia maji. Ni kweli kiasi. Lakini mwaka 2014 Samsung iliuza Galaxy S5, iliyostahimili maji na bado mfuniko wake ulifunguliwa kwa mkono. Kuziba betri ni uamuzi wa kibiashara, na gharama yake humwangukia mnunuzi.

Umoja wa Ulaya umekwisha kuamua: kuanzia tarehe 18 Februari 2027, vifaa vyenye betri ndogo vinavyouzwa huko vitatakiwa viwe na betri ambayo mtumiaji anaweza kuitoa mwenyewe, ingawa misamaha ipo. Mnunuzi wa Kikima hana haja ya kungoja Brussels. Kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji maswali mawili: betri hii inatolewaje, na mpya yake inauzwa wapi karibu? Akikosa jibu, jaribu duka la pili.