Fangasi Asiyeonekana kwenye Ngozi

Katika hospitali kadhaa duniani, mgonjwa anayehamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi hupitishwa kijiti cha pamba kwapani na kwenye kinena. Anayetafutwa ni Candida auris, fangasi aliyeelezwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009, baada ya kupatikana sikioni mwa mgonjwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilimweka katika kundi la juu kabisa la fangasi hatari.

Anaweza kukaa kwenye ngozi kwa miezi bila muwasho wala homa. Ndugu wa mgonjwa walielewe hili vizuri: aliyekutwa naye hajaugua, na hapewi dawa za fangasi, kwa kuwa hazimtoi kwenye ngozi na zinaweza kuzidisha usugu. Hatari huja fangasi akipenya hadi kwenye damu, kwa mfano kupitia mpira wa dripu. Hapo flukonazoli, dawa tuliyoizoea, mara nyingi haifui dafu.

Kwa nini basi tumpime asiyeumwa? Oxford, Uingereza, kati ya 2015 na 2017, watu 70 walikutwa na fangasi huyu, wengi wao wakiwa wamepitia chumba kimoja cha wagonjwa mahututi wa mishipa ya fahamu. Waliougua ni 7 tu. Kama wangehesabiwa hao peke yao, mlipuko ungeonekana mdogo. Upimaji ulionyesha ukubwa wake, na uchunguzi ukafika kwenye vipimajoto vya kwapani vilivyokuwa vikitumiwa na mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Vilipoondolewa, maambukizi mapya yalipungua.

Jambo hili si la Ulaya tu. Katika hospitali moja ya rufaa Nairobi, kati ya 2010 na 2016, fangasi huyu alichangia zaidi ya theluthi moja ya maambukizi ya Candida kwenye damu.

Maabara nayo iwe macho, maana vipimo vya zamani humpa jina la ndugu yake, Candida haemulonii. Njia mojawapo ya kumtenga ni kumwotesha kwenye mchuzi wa chumvi nyingi kwa nyuzijoto 40, hali inayowashinda wengi wa jamii yake.

Akipatikana, mgonjwa hutengwa, wahudumu huvaa glavu na gauni, naye hupewa kipimajoto na mashine ya presha vyake mwenyewe. Nyuso za vitanda na meza husafishwa kwa klorini, kwani baadhi ya dawa za kawaida za usafi hazimuui. Akihamishwa, barua ya rufaa lazima itaje majibu hayo, kwa sababu hospitali inayompokea haitaona chochote kwa kumtazama.