Msitu, Kampuni na Mfanyakazi: Mkataba wa Kaskazini ya Kongo



Mara nyingi huambiwa kwamba msitu ama hukatwa, ama huhifadhiwa. Kaskazini ya Kongo (Brazzaville) yamejaribiwa yote mawili kwa pamoja, nasi tuna haja ya kuelewa jinsi gani.

Mwaka 1993 serikali ya nchi hiyo ilitenga Hifadhi ya Taifa ya Nouabalé-Ndoki. Kando yake kampuni ya CIB, yenye kiwanda cha mbao Pokola kwenye mto Sangha, ilikuwa ikikata miti, hasa sapele. Barabara za magogo ziliwafungulia wawindaji njia, na nyama ya porini ikasafiri kwa malori yale yale. Mwaka 1999 pande tatu zikafanya mkataba: serikali, kampuni, na shirika la wanyamapori la WCS la New York.

Kwanza, mitego ya waya na kubeba nyama katika malori vilipigwa marufuku. Pili, barabara ziliwekewa vizuizi na askari wa wanyamapori. Tatu, kampuni ilitakiwa kuleta kitoweo kingine kambini. Mwaka 2001 kampuni iliacha haki yake ya kukata miti ya Goualougo, penye sokwe na gorila wengi. Mwaka 2006 eneo la Kabo likapata cheti cha FSC, ambacho huwahakikishia wanunuzi wa mbao kwamba msitu unatunzwa.

Hayo ni mafanikio. Lakini tutazame mzigo umemwelemea nani. Marufuku ya uwindaji iliingizwa katika kanuni za kazi, na aliyeivunja aliweza kufukuzwa. Kanuni hiyo ni ya haki ikiwa kitoweo kinapatikana dukani kwa bei inayolingana na mshahara. Kisipopatikana, wanyama wanalindwa kwa njaa ya mfanyakazi. Tena, soko la mbao la Ulaya lilipoanguka mwaka 2008 na 2009, wafanyakazi wa misitu ya huko walipunguzwa. Cheti hakikuwaokoa.

Sisi hatupingi hifadhi: msitu ukiisha, na kazi imekwisha. Bali miongoni mwa pande tatu za mwaka 1999, chama cha wafanyakazi hakikuwamo. Mkataba wa namna hii ukifika kwetu, mashambani au viwandani, tudai mambo matatu: chama kiwemo katika mazungumzo tangu siku ya kwanza, bei ya chakula iandikwe mkatabani, na haki za watakaopunguzwa zitajwe mapema.

Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo.