Vijidudu vya Tumboni Visivyotii Dawa

Kando ya Ziwa Kivu, katika sekta ya Nyamyumba, wilaya ya Rubavu, ziko chemchemi za maji ya moto ambazo wenyeji huziita Amashyuza. Watu hufika hapo kutoka mbali na karibu: wengine kuoga, wengine kukanda viungo vinavyouma, na wengine kuosha vidonda wakiamini kwamba moto wa maji yale huua kila kijidudu. Hapana ubaya mtu kupumzisha misuli yake katika maji ya moto baada ya gwaride au kazi ya shamba. Lakini imani ya kwamba maji yale hutakasa kidonda yafaa itazamwe kwa makini, maana wako vijidudu ambavyo joto lile linalovumiliwa na mwili wa mwanadamu si adhabu kwavyo hata kidogo.

Vijidudu hivyo huitwa enterokoki. Jina hilo lilitolewa mwaka 1899 na mtaalamu wa Kifaransa, Thiercelin, alipoviona katika matumbo ya watu. Kwa miaka mingi vilihesabiwa kuwa ndugu wa vijidudu vya streptokoki, hata mwaka 1984 vilipotengwa na kupewa jamii yao wenyewe. Tabia yavyo ni ya kustaajabisha. Hukua katika baridi ya nyuzi 10 za Sentigredi na hukua katika joto la nyuzi 45. Vikitiwa katika joto la nyuzi 60 kwa muda wa nusu saa, bado huweza kuishi. Huvumilia maji ya chumvi nyingi kuliko ya bahari. Juu ya kitanda, meza au kitasa cha mlango vyaweza kukaa hai kwa majuma mengi.

Sasa tupime wenyewe. Maji ya chemchemi yanapotoka ardhini huwa makali mno, hata mtu hawezi kutia mguu. Hana budi kungoja mahali yanapochanganyika na maji baridi ya ziwa. Mwanadamu hawezi kukaa kwa raha katika maji yanayopita nyuzi 45, nayo hiyo ndiyo nyuzi ambayo enterokoki huendelea kukua. Kwa hiyo maji yanayomfaa muogaji huvifaa vijidudu pia. Tena, wanapooga watu wengi mahali pamoja, kila mmoja huacha kitu kutoka mwilini mwake. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, linapotaka kujua kama maji ya kuogea yamechafuliwa na kinyesi, hushauri zihesabiwe enterokoki katika kila mililita 100 za maji hayo. Mwenye kidonda kilicho wazi akioga humo, hujipatia vijidudu vya wenzake na kuwaachia vyake.

MAKAO YAO NA MADHARA YAO

Msomaji asishtuke kuambiwa kwamba enterokoki wamo tumboni mwake saa hii. Wamo katika matumbo ya karibu kila mtu, na ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Wakikaa humo hawana ugomvi na mwenye nyumba. Balaa huanza wanapohama makao yao na kuingia mahali pasipowahusu.

Wakipenya katika njia ya mkojo, hasa kwa mgonjwa aliyewekewa mpira wa mkojo hospitalini, humletea maumivu na homa. Wakiingia katika jeraha la tumbo, au kidonda cha upasuaji, hushirikiana na vijidudu vingine kukifanya kitunge usaha. Mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya wakati anaweza kuambukizwa katika damu. Hatari kubwa kupita zote ni pale wanapofika moyoni na kujenga katika vali zake. Mtu ambaye vali zake zimekwisha haribiwa na homa ya baridi yabisi utotoni yumo katika hatari zaidi, na ugonjwa huo huhitaji dawa ya sindano kwa majuma manne hadi sita.

NGAO WALIYOZALIWA NAYO

Dawa ziitwazo antibiotiki ni silaha za kuua vijidudu vya aina ya bakteria. Haziui virusi vya mafua. Kwa bahati mbaya, enterokoki huzaliwa na ngao. Dawa za jamii ya sefalosporini, kama seftriaksoni inayotumika sana katika hospitali zetu, haziwadhuru. Penisilini na ampisilini huwazuia wasiongezeke, lakini mara nyingi haziwaui peke yake. Gentamaisini hushindwa kupenya ndani yao kwa nguvu ya kutosha. Waganga waligundua kwamba ampisilini ikivunja ukuta, gentamaisini hupata mlango wa kuingilia, ndipo kijidudu hufa. Hivyo dawa mbili hufanya kazi ambayo moja haiwezi.

Pale ambapo hata hizo zilishindwa, ilibaki vankomaisini, dawa iliyoanza kutumika katika miaka ya 1950. Kwa karibu miaka 30 ilitegemewa. Kisha, mwaka 1986, huko Ulaya walionekana enterokoki wasioijali. Uchunguzi ulionyesha sababu mojawapo: wafugaji walikuwa wakitia katika chakula cha kuku na nguruwe dawa iitwayo avoparsini, ndugu wa vankomaisini, ili mifugo inenepe upesi. Vijidudu vya mifugo vilizoea dawa ile, vikazoea na ile ya wanadamu. Jumuiya ya Ulaya iliipiga marufuku mwaka 1997.

Jambo baya zaidi ni kwamba vijidudu huazimana silaha. Mwaka 2002, katika jimbo la Michigan huko Marekani, alipatikana mgonjwa ambaye vijidudu vyake vya stafilokoki, vile vinavyoleta majipu na usaha, vilikuwa vimepokea kutoka kwa enterokoki siri ya kuishinda vankomaisini. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliwaandika enterokoki hawa katika orodha ya maadui ambao dunia inahitaji dawa mpya dhidi yao.

FUNZO LA GOMA

Mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Mwendo mfupi kutoka Nyamyumba, ng'ambo ya mpaka, iko Goma. Mwezi Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka kwa siku chache na kujaa huko juu ya ardhi ya mawe ya volkano, mahali pasipochimbika choo. Walichota maji ya Ziwa Kivu na kuyanywa hivyo hivyo. Kipindupindu kikalipuka, kikafuatwa na ugonjwa wa kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, na wengi wao waliuawa na kuhara.

Wataalamu walipovipima vijidudu vile, waliona kwamba kipindupindu kile hakikuitii tetrasaiklini wala doksisaiklini. Vijidudu vya kuhara damu navyo vilikuwa vimezishinda dawa za kumeza zilizozoeleka: ampisilini, tetrasaiklini, kotrimoksazoli, hata asidi ya nalidiksiki. Havikujifunza hayo Goma. Kuhara damu kwa aina hiyo kulikuwa kumezunguka katika nchi za Maziwa Makuu tangu mwaka 1979, na kila dawa iliyotumiwa kwa wingi ilipoteza makali yake moja baada ya nyingine. Siku ya maafa ilipofika, ghala lilikuwa na dawa, lakini dawa nyingi hazikuwa na nguvu. Yaliyookoa roho zaidi ni maji safi na maji ya chumvi na sukari ya kuwanywesha wagonjwa.

NYUMBANI NA KAMBINI

Basi kila kaya na kila kambi inao wajibu wake. Tuyashike haya:

Kwanza, tusinunue antibiotiki bila cheti cha mganga. Bima ya matibabu ya kijeshi, MMI, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2005 kwa ajili ya askari na aila zao, pamoja na mituweli ya raia, zipo ili mgonjwa apimwe kwanza, ndipo apewe dawa.

Pili, dawa imezwe kwa kipimo na kwa siku zilizoandikwa. Mama asigawe vidonge vya mtoto mmoja kwa watoto watatu, wala baba asiweke vilivyosalia kabatini kwa ajili ya homa ya mwakani.

Tatu, tuache desturi ya kufungua kidonge cha rangi mbili na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Unga huo hauponyi. Huvifundisha tu vijidudu. Kidonda kioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kifunikwe kwa kitambaa safi, na kikiwa kirefu kipelekwe kituo cha afya. Mwenye kidonda asioge katika maji ya moto ya chemchemi wala ziwani mpaka kifunge.

Nne, mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kushika chakula. Anayemtazama mgonjwa hospitalini aoshe mikono anapoingia na anapotoka, kwa kuwa enterokoki husafiri hasa kwa mikono.

Tano, maji ya ziwa yachemshwe mpaka yatokote. Joto la kuogea haliui, lakini maji yanayotokota huua.

Sita, mtoto anayeharisha apewe maji ya dawa kabla ya mambo mengine. Kama pakiti haipo, lita moja ya maji safi itiwe vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Akihara damu, apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo.

Saba, mfugaji asiwape kuku na ng'ombe dawa ila kwa shauri la bwana mifugo.

Askari hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba risasi haipigwi ovyo, kwa sababu itakosekana siku adui atakapotokea kweli. Antibiotiki ni risasi za nyumba. Kidonge kinachomezwa leo kwa mafua yasiyokihitaji ndicho kitakachomkosa mtoto wa jirani, au mtoto wetu wenyewe, siku damu yake itakapoingiliwa. Akiba haiozi, walisema wahenga; na akiba iliyo bora kwa watoto wetu ni dawa ambazo bado zinaponya.