Taamuli Si Kichwa Kitupu

Juzi tena, mhadhara umekwisha, kijana kanifuata mpaka mlangoni: "Shikamoo Mwalimu. Nikitaka kutaamali, haya mawazo niyafukuze vipi?" Sijui ni mara ya ngapi. Anayeuliza hivyo huwa ameshalipia semina ya jioni mbili, amefundishwa kufumba macho, kuhesabu pumzi na kuwa "mtupu". Pumzi hazina kosa, na akilala vizuri usiku, heri. Ila asiuziwe utupu huo kwa jina la falsafa ya Kikristo.

Simone Weil, mwalimu wa falsafa aliyeacha darasa mwaka 1934 akaenda kufanya kibarua viwandani Paris, aliandika mwaka 1942 insha kuhusu masomo ya shule na upendo wa Mungu. Humo anawasema wanafunzi wanaoambiwa wazingatie: wanakunja uso, wanabana pumzi, wanakaza misuli. Dakika mbili baadaye waulize walikuwa wanazingatia nini, hawana jibu. Hao ndio wahitimu wa jioni zetu mbili.

Najua nitakachorushiwa: mbona Weil mwenyewe anasema akili iwe tupu? Anasema. Lakini ni utupu wa chombo kilichotegwa kukinga maji ya mvua. Ulichokijua hukitupi, unakiweka kando, karibu, na unajizuia kurukia jibu, ili kilicho mbele yako kipate nafasi: umbo la jiometri, sentensi ya Kilatini, jirani anayeteseka. Asiye na cha kutazama hataamali, anasinzia.

Kosa la pili tumelipata kwa lugha yetu. Mwanafalsafa Gabriel Marcel alitenganisha tatizo na fumbo, na sisi tuliolelewa na "fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua" tunadhani fumbo ni tatizo gumu zaidi. Hapana. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Marcel alifanya kazi Msalaba Mwekundu, kutafuta habari za askari waliopotea. Mezani alikuwa na kadi, mbele yake mama wa askari. Kadi ni tatizo: jina, kikosi, mahali alipoonekana mwisho. Yule mama si tatizo, ni fumbo: anayemsikiliza hawezi kusimama pembeni kama mkaguzi wa hesabu, naye yumo. Werevu hauligangui hilo.

Josef Pieper naye, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1948 miji ikiwa vifusi, alithubutu kuandika kuhusu wasaa, ambamo mtu hupata kutaamali. Aliitwa mvivu? Sijali. Msomeni.

Sasa mnaotaka la kufanya, haraka: simu iwe chumba kingine. Soma ukurasa mmoja, si sura nzima. Mgonjwa ukimtembelea, acha ushauri nyumbani, muulize anaumia nini, unyamaze. Hesabu iliyokushinda, ikalie saa nzima bila kuchungulia majibu nyuma ya kitabu. Au toa ule mtihani uliofeli, wenye wino mwekundu, utazame kosa moja moja. Usijitetee.