Unasoma Marekani kwa viza ya F-1? Kagua haya kabla ya kwenda nyumbani likizo

Tiketi umeipata kwa bei nzuri, na nyumbani wameshaanza kuhesabu siku. Ngoja kwanza. Kwa mwanafunzi mwenye viza ya F-1, kutoka Marekani ni rahisi, kazi ipo kwenye kurudi. Unaweza kuwa na alama nzuri na ada umelipa yote, halafu ukakwama Dar es Salaam au Nairobi wakati wenzako wameshaanza muhula.

Viza na ruhusa ya kukaa ni vitu viwili

Hapa ndipo wengi huchanganya. Viza iliyo kwenye pasipoti ni ya kukufikisha mpakani na kuomba kuingia. Kukaa kwako kunategemea masomo na fomu ya I-20 unayopewa na chuo. Kwa hiyo viza ikiisha ukiwa ndani ya Marekani, si kosa, mradi unasoma kwa kufuata masharti na muda ulioruhusiwa kukaa haujapita.

Ila ukishatoka, hesabu inabadilika. Ili urudi unahitaji viza ambayo haijaisha. Kama imeisha, itabidi uombe upya ubalozini: fomu, ada, mahojiano na kusubiri. Na kupata ya kwanza hakukuhakikishii ya pili.

Watanzania na Warundi, hili linawahusu zaidi

Kwa amri ya Rais Donald Trump, Marekani ilisimamisha utoaji wa viza za F, M na J kwa raia wa Burundi kuanzia Juni 2025, na kwa Watanzania kuanzia Januari 1, 2026. Viza zilizokwisha kutolewa hazikufutwa na amri hiyo. Maana yake ni hii: kama wewe ni Mtanzania na viza yako imeisha, safari ya wiki mbili inaweza kukugharimu masomo yote. Zungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako kabla hujalipia tiketi.

Karatasi za kubeba

1. Pasipoti. Iwe na angalau miezi 6 mbele baada ya siku unayoingia.

2. I-20 yenye saini ya safari. Saini hii huwekwa ukurasa wa pili na ofisa wa chuo. Kwa anayesoma, inafaa kwa mwaka mmoja. Kwa aliyemaliza na yuko kwenye OPT, ni miezi 6 tu.

3. Ushahidi wa ada na masomo: barua ya udhamini au taarifa ya benki, pamoja na matokeo yako.

Vyote viweke kwenye begi la mkononi. Ukivitia kwenye sanduku kubwa, ofisa wa uhamiaji atakuuliza kabla hujalifikia.

Ukienda Kanada au Meksiko

Ipo nafuu. Safari isiyozidi siku 30 kwenye nchi hizi inaweza kukuruhusu kurudi hata viza ya Marekani ikiwa imeisha, mradi I-20 na I-94 zako ziko sawa. Lakini ukiomba viza mpya ya Marekani ukiwa huko, nafuu hiyo umeipoteza. Na usisahau, Kanada nayo ina viza yake.

Usikae nje kupita kiasi

Ukisimamisha masomo na kukaa nje zaidi ya miezi 5, I-20 ya zamani haikusaidii tena, utahitaji mpya. Na ukimaliza masomo ukaondoka bila OPT, usitegemee kurudi kwa karatasi zile zile.

Ukisharudi, ingia mtandaoni uangalie I-94 yako. Kama hawakuandika F-1, peleka taarifa chuoni mapema. Kosa dogo la herufi hurekebishwa kirahisi wiki ya kwanza kuliko baada ya mwaka.