Kumtembeza Mgeni Biryogo: Neno "Mswahili" na Mtaa Wake

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka jana tulitembelewa hapa Kamembe, wilayani Rusizi, na shangazi yetu pamoja na binamu wawili kutoka Kigoma. Tuliwaonyesha Ziwa Kivu na daraja la kuvukia Bukavu. Siku ya tatu shangazi akauliza: "Wanangu, ninyi mnafundisha Kiswahili. Waswahili wenyewe wa Rwanda wako wapi?" Makala haya yana lengo la kuwaeleza wasomaji wetu jibu tulilompa, kwani linahusu moja kwa moja kazi yetu darasani.

Kwa sisi watu wa Rusizi, mtaa maarufu wa Waswahili ulio karibu ni Buyenzi, mjini Bujumbura. Lakini Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. Hivyo basi tulipanda basi alfajiri, tukapita msitu wa Nyungwe, tukaenda Kigali hadi Biryogo, upande wa Nyamirambo.

Mtaa wa waliotengwa

Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, mwakilishi wa serikali ya Wajerumani. Pamoja na Wajerumani walikuja askari, makarani na wafanyabiashara kutoka pwani na bara ya Tanzania ya leo. Wengi wao walikuwa Waislamu na lugha yao ya mawasiliano ilikuwa Kiswahili. Msikiti wao wa kwanza mjini ulijengwa mwaka 1913.

Wabelgiji walipoitawala nchi, watu hawa walitengewa makazi yao yaliyoitwa kambi ya Waswahili, na walihitaji kibali ili kutoka. Hawakuwa na mashamba, na shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Wakajitafutia riziki kwa biashara, ushonaji, udereva na ufundi wa magari. Wakati nchi nzima ilihesabu heshima kwa ng'ombe, shamba na kanisa, mtaa huu uliishi kwa soko, barabara na msikiti.

Neno lilivyochafuka

Katika Kinyarwanda, Mswahili ni umuswahili, wengi wao abaswahili, na lugha yao igiswahili. Wanafunzi wa isimu watambue kwamba kiambishi ki- kimegeuka gi- kwa sababu kinafuatwa na konsonanti isiyo ghuna, kama ilivyo katika igitabo.

Lakini maana nayo iligeuka. Umuswahili alikuwa Mwislamu wa mjini. Baadaye neno likabeba maana ya mtu mjanja, mwongo, asiyeaminika. Tulipomweleza shangazi jambo hili, tulidhani angekasirika. Badala yake alicheka: "Kwani kwetu hatusemi 'acha uswahili wako'?" Kumbe hata Tanzania, nchi iliyokikuza Kiswahili, neno hilo hutumika kwa hila na maneno mengi, na uswahilini ni mtaa wa watu wa hali ya chini.

Tulipokaa kunywa chai ya maziwa kwa sambusa, katika barabara ambayo tangu mwaka 2021 imefungwa kwa magari na kupakwa rangi, tulimweleza jambo la pili. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, Waislamu wengi wa Biryogo waliwaficha majirani zao waliokuwa wakiwindwa. Si kila mmoja alifanya hivyo, lakini waliofanya walikuwa wengi kiasi cha kukumbukwa hadi leo. Wale walioitwa wasioaminika ndio walioaminiwa uhai wa watu. Shangazi alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Basi hilo mwafundishe watoto."

Tufanye nini darasani?

Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, sheria haifuti dharau kwa siku moja. Mwanafunzi wetu mmoja alitueleza kwamba akifanya mazoezi ya kuzungumza nyumbani, bibi yake humwambia asiongee kama umuswahili. Mwanafunzi wa namna hiyo anaweza kufaulu mtihani wa sarufi na bado akaona haya kufungua kinywa sokoni.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, somo la ngeli ya watu lisipite bila kujadili historia ya neno Mswahili. Wanafunzi waulize wazee wao walilisikiaje. Pili, walio na nafasi wawapeleke wanafunzi Biryogo, si kutazama tu, bali kusalimia, kununua na kupatana bei kwa Kiswahili.

Shangazi amerudi Kigoma salama. Sisi tumebaki na swali lake, nasi tunawakaribisha wasomaji watuandikie jinsi wanavyolijibu katika madarasa yao.